Isaac Newton Hakuwahi Kumwona Buda Yake: Vile Makaratasi ya Shags Yalimrudishia Ukoo

Isaac Newton unamjua. Ni yule msee wa tufaha, ambaye sheria zake tatu zilikunyima usingizi usiku wa kuamkia mtihani wa fizikia. Ukiulizwa alitoka wapi utasema Uingereza, basi, stori imeisha. Lakini kuna sehemu ya maisha yake ambayo haikuingia kwenye kitabu cha shule, na hiyo ndiyo noma yenyewe.

Huyu kichwa alikuwa mtoto wa shags. Shags kabisa, ya kondoo na matope. Buda yake alidedi kabla yeye hajazaliwa, na buda huyo hakuwa anajua kuandika hata jina lake. Halafu, akiwa na miaka 62, tayari ni sonko wa London mwenye cheo cha Sir, mtoto huyo aliketi chini akaanza kuchora ukoo wake: nani alizaa nani, waliishi wapi, walikuwa na ardhi gani.

Kwani mtu aliyepima mwendo wa mwezi alikuwa anatafuta nini kwa majina ya wakulima waliokufa zamani? Twende polepole, utaona.

Haya makaratasi yanatoka wapi?

Kusaka ukoo wa familia ya mashambani Uingereza si uchawi. Ni kufuata makarani. Mwaka wa 1538 Thomas Cromwell, aliyekuwa mkono wa kulia wa Mfalme Henry VIII, alitoa amri: kila parokia iwe na daftari, na kila wiki iandikwe nani amebatizwa, nani ameoana na nani, na nani amezikwa. Wananchi walinung'unika. Wengi walidhani serikali inatafuta njia mpya ya kuwatoza ushuru. Si unajua vile watu huwa wakiona karani amebeba daftari.

Mwanzoni wengi waliandika kwa karatasi za kawaida, na panya pamoja na unyevu wakafanya kazi yao. Ndiyo maana 1598 ikaamriwa daftari ziwe za ngozi, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Hiyo ndiyo ilikuwa bakapu ya enzi hizo. Daftari la kanisa likipotea, anayesaka ukoo anakimbilia nakala ya askofu.

Na daftari ni mlango tu. Ndani kuna wosia. Kuna orodha ya mali: mtu akishazikwa, majirani wachache wanaingia kwake na kuhesabu kila kitu, kuanzia ng'ombe hadi vyombo vya jikoni. Kuna orodha za walipa ushuru wa mfalme. Kuna hati za ardhi. Ukipanga hizo zote moja juu ya nyingine, msee aliyekufa miaka 400 iliyopita anaanza kuwa na sura.

Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kalenda. Enzi hizo Waingereza walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, si Januari. Tena kalenda yao ilikuwa nyuma kwa siku 10 ukilinganisha na nchi nyingi za Ulaya. Ndiyo maana kitabu kimoja kitakuambia Newton alizaliwa Krismasi ya 1642, na kingine kinasema 4 Januari 1643. Hakuna aliyekosea. Ni siku moja, imehesabiwa na kalenda mbili.

Mtego wa pili ni jina lenyewe. Newton maana yake ni mji mpya tu, na vijiji vinavyoitwa Newton vimejaa Uingereza nzima. Kwa hivyo ukikutana na Newton kwenye rekodi ya zamani usimkumbatie haraka ukimwita babu. Anaweza kuwa mtu baki kabisa.

Msee wa peni nne

Sasa ingia Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, kusini kidogo mwa mji wa Grantham. Kuna kijiji kinaitwa Westby. Mwaka wa 1524 mfalme alihitaji chapaa, na makarani wakaandika kila mtu mwenye uwezo wa kulipa ushuru. Katika hiyo orodha ya Westby kuna mtu anaitwa Simon Newton. Alilipa peni 4.

Peni 4 ndiyo ilikuwa kiwango cha chini kabisa. Ukilipa chini ya hapo haungekuwa kwenye orodha hata kidogo. Kwa hivyo Simon alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kwanza, kidole kimoja tu juu ya wale ambao hakuna karani aliyejisumbua kuwaandika. Fikiria hapo kidogo. Kama mwaka huo kondoo wake wangekufa wachache tu, pengine tusingejua aliwahi kuishi.

Baada ya Simon, familia ikaanza kuomoka pole pole. Miaka 20 baadaye kulikuwa na Newton wawili kati ya walipa ushuru wachache wa kijiji. Mmoja ni John Newton. Kwenye wosia wake wa 1562 John alijiita mkulima mdogo. Mtoto wake, naye John, alipokufa miaka 21 baadaye aliandikwa kwa cheo cha juu zaidi, kile cha mkulima mwenye shamba lake na heshima yake. Kizazi kimoja, hatua moja. Hakuna aliyeshinda bahati nasibu. Ni kondoo, jembe na subira.

Huyo mzee John alifanya kitu kingine ambacho kilibadilisha historia bila yeye kujua. Kabla ya kufa alinunulia mtoto wake Richard shamba kubwa kwenye kijiji cha Woolsthorpe, kwa pauni 40. Richard akahamia huko. Richard akamzaa Robert. Na Robert, mwaka wa 1623, akanunua manor yenyewe ya Woolsthorpe, yaani nyumba kubwa, ardhi, na haki ya kuwa bwana wa eneo anayelipwa kodi na wapangaji. Usione picha ya kasri. Ni nyumba ya mawe ya mkulima aliyefanya vizuri. Lakini kutoka peni 4 hadi ubwana wa kijiji ndani ya miaka 99? Hiyo si mchezo.

Sasa shika hii: katika tawi hilo lote, kutoka Simon hadi kwa Robert na watoto wake, hakuna Newton aliyejua kuandika jina lake. Walikuwa na ardhi, mifugo na cheo. Ikifika wakati wa kusaini, mtu anachora alama, karani anaandika jina kando.

Buda wa alama

Robert alikuwa na mtoto anaitwa Isaac, aliyezaliwa 1606. Huyu ndiye buda. Desemba 1639 Robert aliandikisha mali ya Woolsthorpe kwa jina la Isaac na mchumba wake, Hannah Ayscough. Hannah alitoka familia iliyokuwa na heshima kidogo kuwashinda Newton. Kaka yake William alisoma Cambridge na akawa padri. Harusi ilichelewa mpaka Aprili 1642.

Walikaa kwa ndoa miezi sita. Mwanzoni mwa Oktoba 1642 Isaac akaandikiwa wosia akiwa mgonjwa, akaweka alama yake, na tarehe 6 akazikwa. Alikuwa na miaka 36. Mke wake alikuwa na mimba.

Majirani wakaja kuhesabu. Kondoo walikuwa zaidi ya 200, ng'ombe 46, na jumla ya vitu vyake vyote ikathaminiwa pauni 459 na ushee. Kwa mkulima wa enzi hizo hiyo ni doo ya maana. Lakini ndiyo hivyo. Hakuna picha ya huyu mtu. Hakuna barua aliyoandika, maana hakuweza. Mtoto wake alikuja kumjua kupitia kile ambacho wewe na mimi tunakipata leo: alama moja kwenye wosia na orodha ya mifugo.

Mtoto alizaliwa siku ya Krismasi. Alikuwa mdogo sana hadi ikasemwa angetoshea kwenye kibuyu cha bia cha lita moja. Wanawake wawili walitumwa kijiji jirani kuleta dawa, wakakaa njiani kupumzika, maana walikuwa na uhakika watamkuta ameshakufa. Tarehe 1 Januari alibatizwa kwenye kanisa la Colsterworth, akapewa jina la buda yake. Daftari la kanisa lilichukulia bado ni 1642.

Padri Smith, mtu wa North Witham

Isaac alipofika miaka mitatu, mathee alipata mchumba. Barnabas Smith alikuwa padri wa North Witham, kijiji cha jirani, tajiri, umri miaka 63. Waliooana Januari 1646. Kwenye mapatano Smith alikubali kumwekea Isaac kipande cha ardhi na kukarabati nyumba ya Woolsthorpe. Kitu kimoja hakikuwa kwenye mapatano: kumchukua mtoto.

Hannah akahama. Isaac akabaki Woolsthorpe na cucu yake, Margery Ayscough. Mathee alikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kutembea ukafika kabla chai haijapoa, na bado hakuwa wake. Hiyo iliendelea kwa miaka saba na kitu, mpaka Smith alipokufa 1653. Hannah alirudi, lakini hakurudi peke yake. Alikuja na watoto watatu wa Smith: Mary, Benjamin na Hannah.

Isaac alibeba hasira hiyo kimya kimya. Tunajuaje? Karatasi tena. Mwaka wa 1662, akiwa mwanafunzi Cambridge mwenye miaka 19, aliandika kwa mafumbo orodha ya dhambi zake zote alizokumbuka. Nyingi ni za kitoto: kuiba matunda, kufanya vitu siku ya Jumapili. Katikati yake kuna moja ambayo inakufanya usimame: aliwahi kuwatishia mathee na Smith kwamba atawachoma moto pamoja na nyumba yao.

Soma tena. Huyo ni mtoto wa chini ya miaka 11.

Kutoka kondoo hadi Cambridge

Hii sehemu unaijua, kwa hivyo tutapita mbio. Alipelekwa shule Grantham. Akiwa karibu miaka 17 mathee alimtoa shule arudi kuchunga shamba, kama ukoo wote ulivyofanya. Alikuwa mkulima mbaya sana. Kondoo walihepa, nguruwe wakaingia kwenye mahindi ya watu, yaani nafaka za majirani, na yeye yuko chini ya mti anasoma. Rekodi za korti ya manor zinaonyesha alitozwa faini kwa mifugo yake kuharibu mimea. Naam, kesi ya kwanza ya Newton ilikuwa ya kondoo.

Waliomwokoa ni mjomba William, yule padri, na mwalimu wake wa Grantham. Walimbembeleza Hannah mpaka akakubali. Juni 1661 kijana akaingia Trinity College, Cambridge, lakini si kama mtoto wa tajiri. Aliingia kama mwanafunzi anayelipia masomo kwa kuwatumikia wenzake. Mathee alikuwa na hela, alikuwa tu mgumu kuzitoa.

Mwaka wa 1665 tauni ilifunga chuo, akarudi Woolsthorpe. Hapo ndipo alifanya hesabu zilizobadilisha dunia. Na unajua aliandikia wapi nyingi kati ya hizo? Barnabas Smith alikuwa ameacha daftari kubwa la mambo ya dini, kurasa nyingi zikiwa tupu. Newton alilichukua akalijaza hisabati. Mtu aliyemnyang'anya mathee ndiye aliyemwachia karatasi.

Profesa akiwa na miaka 26. Kitabu cha Principia mwaka wa 1687. Halafu London: 1696 akapewa kazi kwenye kiwanda cha sarafu cha serikali, ambako aliwasaka watengenezaji wa pesa feki bila huruma. Mwaka wa 1703 akawa rais wa Royal Society.

Kitu kimoja tu tusipite mbio. Mwaka wa 1679 Hannah aliugua homa baada ya kumuuguza Benjamin. Newton aliacha kila kitu Cambridge, akakaa naye, akikesha usiku, akimfunga vidonda kwa mikono yake. Juni mwaka huo mathee alizikwa Colsterworth. Hasira ya mtoto haikuwa imeisha labda, lakini alikuja.

1705: Sir anaulizwa, wewe ni wa nani?

Tarehe 16 Aprili 1705 Malkia Anne alitembelea Cambridge akampa Newton cheo cha Sir. Sasa Uingereza ya enzi hizo ilikuwa na ofisi maalum ya mambo ya ukoo London, College of Arms. Ukitaka nembo ya familia iandikwe rasmi, unapeleka ushahidi: baba, babu, babu wa babu, na ardhi yao. Kuwa kichwa hakukuhesabiwa.

Newton akaingia kazini vile alivyojua. Aliandika, akakata, akaandika upya. Alikusanya majina, tarehe na vijiji. Novemba 1705 akala kiapo mbele ya wahusika na kuwasilisha ukoo wake: kutoka kwake kwenda kwa buda Isaac, kwa babu Robert, kwa Richard, hadi kwa John Newton wa Westby, yule wa wosia wa 1562. Kupitia John huyo alionyesha kwamba yeye ni ndugu wa ukoo wa Sir John Newton, tajiri mwenye cheo ambaye familia yake ilikuwa imeomoka zaidi ya tawi la Woolsthorpe. Kwa njia hiyo akapata haki ya kutumia nembo ileile: mifupa miwili ya muundi iliyopishana kama herufi X.

Unaweza kusema ni majivuno. Ni kweli, mzee alipenda heshima. Lakini angalia tena huo mti. Mtu asiye na buda, aliyelelewa na cucu, aliyeachwa na mathee kwa ajili ya mzee wa kijiji jirani, anaapa mbele ya serikali kwamba ana watu. Wanaume wanne mfululizo, wote hawakujua kusaini, na sasa majina yao yako kwenye ofisi ya London yameandikwa na mkono wa mtoto wao.

Stori ya Scotland haishiki

Kuna stori nyingine ilipita mdomo kwa mdomo baada ya kifo chake, kwamba uzeeni Newton alimwambia msomi mmoja wa Scotland kuwa familia yake ilitoka huko, ikaja Uingereza na Mfalme James I. Inasikika tamu. James alichukua kiti cha Uingereza 1603.

Shida ni Simon. Simon alikuwa Westby analipa peni 4 mwaka wa 1524, karibu miaka 80 kabla ya James kupanda farasi kwenda London. Mapema karne iliyopita padri mmoja wa Lincolnshire, Charles Wilmer Foster, mtu aliyetumia maisha yake kuokoa rekodi za zamani za eneo hilo, alipitia wosia, daftari na ushuru wa hawa Newton na kuchapisha matokeo. Familia ilikuwa ya hapo hapo. Hilo ndilo somo la kwanza la kusaka ukoo: stori ya mzee iheshimu, isikilize mpaka mwisho, halafu ifungulie daftari.

Nani alirithi?

Newton alikufa tarehe 20 Machi 1727 kwa hesabu yetu ya mwaka, akazikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa taifa. Hakuoa. Hakuzaa. Kwa hivyo ukikutana na mtu mtandaoni anajiita mjukuu wa moja kwa moja wa Isaac Newton, mwambie atafute kazi nyingine. Huo mstari uliishia hapo.

Na kichwa chote kile, hakuacha wosia. Sheria ikagawa, na ilivyogawa ndiyo inauma.

Ardhi ya Woolsthorpe ilifuata damu ya Newton. Ikaenda kwa John Newton, aliyetokana na ndugu wa buda yake. Jamaa huyo hakujua kusoma vizuri wala kukaa chini. Aliila ardhi kwa pombe na kamari ya majogoo. Ndani ya miaka michache tu, mwanzoni mwa miaka ya 1730, shamba lililoanza kujengwa na pauni 40 za mzee wa Westby likauzwa kwa watu wengine. Inasemekana John alikufa akiwa amelewa, akajikwaa na kiko mdomoni, kikamvunjikia kooni.

Pesa nazo, karibu pauni 32,000, zilienda kwa jamaa wa karibu walio hai. Ni kina nani hao? Watoto wanane wa Mary, Benjamin na Hannah. Wajukuu wa Barnabas Smith. Ndiyo, Smith yule yule wa North Witham.

Mmoja wao ni Catherine Barton, binti wa dada yake Hannah, ambaye aliishi na Newton London kwa miaka mingi. Yeye na mumewe, John Conduitt, walichukua makaratasi yote: hisabati, dini, barua, na mambo ya ukoo. Conduitt alihoji watu na kuandika kumbukumbu za utotoni ambazo bila yeye tusingezijua, ikiwemo hiyo ya mtoto wa kutoshea kwenye kibuyu. Binti yao aliolewa na familia iliyokuja kuwa ya Earl wa Portsmouth, na masanduku yakakaa huko zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 1872 ya sayansi yakapewa Cambridge. Mengine yakapigwa mnada London 1936, ambapo mwanauchumi John Maynard Keynes alinunua mengi na baadaye yakaishia Cambridge pia.

Umeona ilivyopinduka? Damu ya Newton ilikunywa shamba. Waliomtunza ni uzao wa mtu ambaye yeye alitaka kumchoma moto. Ukoo unaouchora kwenye karatasi ni mmoja, na watu wanaobaki na wewe mpaka mwisho ni wengine. Wakati mwingine wanakutana, wakati mwingine hapana.

Sasa wewe

Nyumba ya Woolsthorpe bado imesimama, watu wanaitembelea. Kwenye kanisa la Colsterworth kuna saa ya jua iliyochongwa na Newton akiwa mtoto, imetolewa kwenye ukuta wa nyumba yao. Lakini kitu kilichomrudishia buda yake hakikuwa jiwe. Kilikuwa kazi ya karani asiye na jina, aliyekuwa pengine amechoka, pengine ana njaa, na bado akaandika: kondoo kadhaa, ng'ombe 46, amezikwa tarehe fulani.

Jaribu hii leo. Taja jina la baba yako. La babu yako. La baba wa babu yako. La babu wa babu yako. Wengi tunakwama kwa la tatu, na wale wanaojua la nne na la tano wako shags, wamezeeka, na hakuna mtu anawauliza.

Kwa hivyo ukienda Disemba, ukishamaliza nyama choma, kaa na mzee au cucu dakika 30. Washa simu, rekodi. Uliza walihamia lini, shamba lilinunuliwa na nani, nani alikuwa wa kwanza kwenda shule, na nani alikuwa anasaini kwa dole gumba. Halafu piga picha hati ya shamba, cheti cha ubatizo, kile kitambulisho cha zamani kilichofungwa na nailoni kwenye sanduku. Newton alisubiri mpaka miaka 62, na wote aliohitaji kuwauliza walikuwa tayari wamezikwa.

Wako bado wanashika simu. Wapigie.